Barua ya wazi: Wapeni tarehe ya kutoka

KWA: Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, Inspekta Jenerali wa Polisi, Kamishna Jenerali wa Magereza, Mkurugenzi wa Mashtaka

YAH: WAHAMIAJI WA KUPITA WANAOSHIKILIWA VITUONI NA MAGEREZANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Nawaandikia kutoka Mbeya. Pale Uyole barabara kuu inagawanyika, moja ikishuka Kyela kuelekea Malawi, nyingine ikiendelea Tunduma hadi Zambia. Ukikaa hapa huhitaji redio kukuambia kwamba Waethiopia wanapita. Tunawaona wakishushwa kwenye fuso za serikali, vijana wembamba, midomo imepasuka kwa kiu, wengine miguu imevimba hadi viatu haviingii. Asubuhi yake tunasikia kwamba "wamekamatwa wengine". Baada ya hapo hatusikii chochote, na hicho kimya ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Wengi wao wanatoka kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Hadiya na Kembata. Wamevuka Moyale, mpakani mwa Ethiopia na Kenya, wamefichwa Nairobi, wameingia kwetu kwa njia za panya upande wa Kilimanjaro au Tanga, na safari yao yote inalenga Afrika Kusini, Sauzi kama wanavyosema vijana wetu. Familia imeuza ng'ombe au imekopa ili kumlipa wakala. Hakuna hata mmoja niliyewahi kuzungumza naye aliyetaka kubaki Tanzania. Hivyo tunatumia fedha za walipa kodi kuwashikilia kwa miezi watu ambao nia yao yote ilikuwa kutoka nchini mwetu haraka iwezekanavyo. Naomba msome barua hii mkilikumbuka hilo.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimo kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa tunaopeleka sabuni, dawa za upele, taulo za kike na chakula kwa mahabusu. Sitataja kituo wala gereza, wala sitamtaja askari yeyote. Nimekutana na askari waungwana, na nimekutana na wakali pia. Ninachokieleza hakitaondoka kwa kumhamisha mkuu mmoja wa kituo, maana kimejengwa ndani ya utaratibu wenyewe.

Utaratibu ni huu. Watu wanakamatwa usiku, porini au ndani ya lori. Wanapelekwa kituo cha polisi kwa kuwa ndicho chenye lokapu iliyo karibu. Kwa polisi, hawa ni "watu wa Uhamiaji". Uhamiaji wanafika, wanachukua majina, wanasema jalada liko kwa wakili wa serikali. Wakili wa serikali anasubiri mkalimani. Mahakama inasubiri wote hao. Wakishahukumiwa wanakuwa wa Magereza, na wakimaliza kifungo wanarudi kuwa wa Uhamiaji, ambao nao wanasubiri hati za safari kutoka ubalozini na nauli kutoka kokote itakakotoka. Kila mmoja ana sehemu yake na kila mmoja anaweza kukuonyesha karatasi inayothibitisha kwamba ameifanya. Lakini ukiuliza, "Huyu kijana aliyelala pale sakafuni ni wa nani leo, na atatoka lini?" utazungushwa kutoka dirisha hadi dirisha mpaka jua lizame. Hana mwenyewe.

Nianze na chakula, maana ndipo maumivu yanapoanzia. Sote tunajua jinsi vituo vyetu vya polisi vinavyoishi: mtu akiwekwa ndani, ndugu zake wanaleta chakula. Mama anakuja na hotipoti, anaiacha kaunta, askari anaionja, inaingia ndani. Ni desturi inayomwezesha Mtanzania kuvumilia siku mbili tatu hadi dhamana. Mwethiopia hana mama Mbeya. Nimeona watu zaidi ya 20 ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu wachache mno, wakimtazama Mtanzania mmoja akila ubwabwa ulioletwa na dada yake. Yule Mtanzania, naye akiwa na kesi ya wizi, aliligawa sahani lile kwa viganja mpaka likaisha. Siku nyingine nilimkuta askari wa zamu akitoa fedha mfukoni mwake kumwagiza kijana wa bodaboda mikate na maji. Nilimshukuru. Akanijibu kwa uchovu, "Mama, na kesho je?" Hilo ni swali lenu waheshimiwa, askari wa zamu hawezi kulijibu. Jeshi la Polisi linapopokea mtu wa Uhamiaji, fungu la chakula cha mtu huyo linatoka kwa nani? Kama lipo, halifiki kaunta. Kama halipo, basi tunawaweka watu ndani tukitegemea huruma ya wezi wa kuku na mifuko ya makoplo.

Chumba chenyewe mnakijua. Ndoo moja kona, dirisha dogo juu, usiku watu wanalala ubavu na mmoja akitaka kugeuka wote wageuke. Mtu aliyetoka kwenye kontena la lori, aliyekaa siku nzima bila hewa ya kutosha, anaingizwa humo bila mganga kumwangalia. Sisi si wauguzi, lakini hata sisi tunaona upele uliochimba ngozi, vikohozi vya muda mrefu, vidonda vya miguu vilivyooza. Kumpitisha mtu kwa mganga wa zahanati kabla ya kumfungia na wenzake ni jambo la nusu saa, tena linamlinda hata askari anayelala upande wa pili wa ukuta.

Sasa lugha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, imeweka saa 24 kuwa kipimo cha kumshikilia mtu aliyekamatwa bila hati ya kukamata kabla suala lake halijaangaliwa, na inataka ushahidi utafsiriwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Ni sheria nzuri. Lakini hebu fikirini inavyotekelezwa pale ambapo hakuna mtu wilaya nzima anayejua Kiamhari, sembuse Kihadiya. Nimekaa kwenye benchi la mahakama nikaona washtakiwa wakisomewa shtaka, na mkalimani wao akiwa mshtakiwa mwenzao, kijana aliyeokota Kiswahili kidogo alipokuwa amefichwa Nairobi. Yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka. Shtaka la mistari kadhaa alilitafsiri kwa maneno matatu. Wote wakatikisa vichwa. Ikaandikwa kwamba wamekiri. Wakapewa faini au kifungo, na kwa kuwa hawakuwa na shilingi, wakaenda kifungoni. Mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza kama sasa wanapelekwa uwanja wa ndege.

Sidhani kama hakimu yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ya mashauri na hakuwa na mkalimani. Lakini Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wapo Waethiopia wanaoishi kihalali, wafanyabiashara na wanafunzi, na siku hizi mahakama zetu zinasikiliza kesi kwa njia ya video. Orodha ya wakalimani 10 wa Kiamhari, Kioromo, Kihadiya, Kitigrinya na Kisomali, walioapishwa na wanaolipwa kwa saa kupitia simu, ingeondoa aibu hii nchi nzima.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani wengi wenu hamjaambiwa, nalo ni la umri. Ethiopia ina kalenda yake. Ina miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Mwaka 2000 wa kwao ulianza Septemba 2007 ya kwetu; wenye kumbukumbu wanajua Addis Ababa ilivyosherehekea milenia wakati ule. Kijana mmoja aliulizwa mbele yangu, mwaka 2023, amezaliwa lini. Akasema 2000. Aliyekuwa anaandika akatoa 2000 kwenye 2023, akaandika miaka 23, akapiga mstari. Yule hakuwa hata na ndevu. Kwa hesabu sahihi alikuwa na miaka 15, au 16 kama mkipenda kumwongezea. Nilisema. Nilionyesha kwa vidole kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Nikaambiwa kwa heshima kwamba maelezo yameshaandikwa. Afisa ustawi wa jamii alipopatikana, kijana alikuwa ameshafikishwa mahakamani akiwa mtu mzima kwenye karatasi, na akalala gereza la watu wazima.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na haijasema ni mtoto wa Kitanzania tu. Makosa ya namna hii hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia kuyarekebisha. Yanahitaji karatasi moja ya kubadilisha miaka ibandikwe kwenye kila kaunta kuanzia Namanga hadi Kasumulu, na agizo kwamba palipo na shaka kuhusu umri, mtu ahesabiwe kuwa mtoto mpaka ithibitike vinginevyo. Cha ajabu, saa tunahesabu sawa nao: kwao, kama kwetu, saa za mchana zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Ungedhani watu wenye saa moja wangeweza kusikilizana kuhusu mwaka.

Na simu. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni askari, aliniambia kwamba wakala wa safari hizi huwa anafaidika mtu akikamatwa: anaipigia familia simu kijijini, anasema kijana wenu anahitaji fedha zaidi ili avuke, na familia inatuma, kwa kuwa haijui kwamba mtoto wao yuko lokapu. Dakika mbili za simu, mbele ya askari, zingemnyima mhalifu huyo fedha hizo. Tunasema tunapambana na wasafirishaji haramu, kisha tunawasaidia kwa kuwanyamazisha wateja wao.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi na bila kuzunguka. Acheni kuwapanga watu hawa chini, wamechuchumaa, wengine vifua wazi, ili waandishi wa habari wapige picha. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutwezwa na kudhalilishwa, na inataka mtuhumiwa asitendewe kama mwenye hatia kabla ya hukumu. Mama wa kijana aliyechuchumaa pale yuko Hosaena, mji wa Hadiya, ana jirani mwenye simu ya intaneti, na picha inamfikia. Kama mna takwimu za kutangaza, tangazeni takwimu. Kama mmemkamata mwenye lori, lionyesheni lori.

Nije kwenye lililo kubwa kuliko yote, yaani mwisho wa kizuizi. Mtu anakamatwa kwa kukosa kibali. Anahukumiwa, anatumikia, anamaliza. Siku ya kutoka inafika, na hatoki. Hana hati ya kusafiria, hana nauli, hivyo anabaki gerezani "akisubiri kuondoshwa". Hilo neno kusubiri halina idadi ya siku. Haliko kwenye hukumu, hakimu hakulitamka, na mfungwa hawezi kulikatia rufaa kwa kuwa si adhabu. Nimezungumza na mtu aliyekuwa akihesabu siku zake kwa mikwaruzo ukutani mpaka tarehe aliyopewa, kisha akaacha kuhesabu. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kupitia mwenzake kwamba baada ya tarehe ile hakukuwa tena na kitu cha kuhesabia.

Haya si mapya kwa serikali. Januari 2021, Rais John Magufuli alipokutana na Rais wa Ethiopia, Sahle-Work Zewde, pale Chato, alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa kwenye magereza yetu. Nililia kwa furaha siku ile. Lakini tafakarini idadi hiyo: watu 1,789, karibu shule mbili nzima za sekondari, walitoka kwa sababu marais wawili walikutana. Je, mwaka ambao marais hawakukutana? Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, limekuwa likisaidia kuwarudisha wengine kwao, ndege kwa ndege, wafadhili wakipatikana. Nawashukuru. Lakini uhuru wa mtu aliyemaliza kifungo chake haufai kutegemea mfadhili wa Geneva ameamkaje.

Wenzetu wa Malawi walifika hapo hapo. Mwaka 2015 Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakifanya kazi kwenye gereza la Maula, Lilongwe, na wakaieleza dunia habari za Waethiopia waliokwishamaliza adhabu zao huku wakiendelea kulala kwenye msongamano wa kutisha kwa kukosa nauli ya kurudi. Baadaye wengi walirudishwa. Barabara ile ile, watu wale wale, kosa lile lile.

Kuna watakaosema kwamba Mwalimu amezeeka, anataka mipaka iachwe wazi. Sijasema hivyo. Nchi ina haki ya kujua nani ameingia, na ina haki ya kumrudisha asiyeruhusiwa. Tena najua hatari ya njia hizi kuliko wengi. Juni 2012 zaidi ya watu 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa, miili yao ikatupwa porini Chitego, wilayani Kongwa. Machi 2020 maiti 64 zilikutwa kwenye kontena mkoani Tete, Msumbiji. Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi la pamoja Mzimba, Malawi, na Desemba mwaka huo huo miili 27 ikaokotwa kando ya barabara nje kidogo ya Lusaka. Askari anayelisimamisha lori la namna hiyo anaweza kuwa ameokoa watu, na nataka alisimamishe. Ninachouliza ni kinachofuata baada ya turubai kufunguliwa. Kongwa ndiyo wilaya iliyowapa kambi wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika miaka ya 1960. Hao nao walivuka mipaka bila hati, na waliokuwa wakiongoza nchi wakati ule walijua namna ya kumwandikisha mgeni, kumlisha na kumpa mahali pa kulala bila kumgeuza mhalifu.

Wapo pia wasiopita tu. Vita ya Tigray ilianza Novemba 2020 na makubaliano ya kuisimamisha yakasainiwa Pretoria Novemba 2022. Oromia nako hakujatulia. Ndani ya kundi la watu 30 wanaotafuta kazi anaweza kuwemo mmoja anayekimbia kuuawa. Tuna Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na tumeridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ambao unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kosa la kuingia bila kibali. Swali la "Je, unaogopa kurudi kwenu?" liulizwe kwa kila mtu, peke yake, mbali na wenzake, kwa lugha yake. Na liulizwe kabla ya kuuita ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni haki ya kuwasiliana na ubalozi wake; ni haki yake yeye, kwa hiari yake. Mtu anayekimbia serikali yake asiletewe ofisa wa serikali hiyo hiyo mlangoni mwa lokapu.

Mkitaka mfano wa namna ya kuweka kikomo, uko hapa hapa Afrika, na unatuhusu, kwa sababu wanaofaidika nao ni pamoja na watoto wetu. Vijana wa Kitanzania waliokwenda Sauzi bila vibali wanaijua Lindela, kituo kilichoko Krugersdorp ambako wageni hushikiliwa kabla ya kurudishwa makwao. Zamani mtu aliweza kukaa humo siku 30 bila kumwona hakimu, na muda ukaongezwa hadi siku 120 kwa jumla bila yeye kufika mahakamani kujieleza. Juni 2017 Mahakama ya Katiba ya nchi ile ilitamka kwamba hilo ni kinyume cha katiba yao, na kwamba anayeshikiliwa ili aondoshwe lazima afikishwe mahakamani yeye mwenyewe ndani ya saa 48. Uamuzi ule unamlinda kijana wa Temeke au Tandika pasipo sisi kufanya lolote. Kijana wa Hadiya aliyeko kwetu analindwa na nini cha namna hiyo?

Jirani zetu wa Kenya wameandika kwenye katiba yao, ibara ya 49, kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Katiba hiyo haikuzuia msako wa Aprili 2014, Wasomali walipokusanywa kwa maelfu na kupelekwa uwanja wa Kasarani. Wala utajiri hautoshi. Uingereza ilifungua kituo cha Manston mwaka 2022 kwa ajili ya watu kukaa saa 24 tu. Kufikia mwisho wa Oktoba kilikuwa na watu wapatao 4,000 mahali palipopangiwa 1,600, dondakoo ikaingia, na mkaguzi wa mipaka akawaeleza wabunge juu ya familia ya Kiafghanistan iliyokaa hemani siku 32. Nimeitaja habari hiyo kwa sababu moja. Kule mambo yaliharibika kwa namna ile ile ya kwetu, muda mfupi ukirefuka huku hakuna aliyeshika saa. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mkaguzi mwenye ruhusa ya kuingia na kusema hadharani alichokiona, na siku chache baadaye watu wakaanza kuhamishwa.

Sisi tunayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mamlaka ya kukagua mahabusu na magereza. Ipewe gari na mafuta, iingie vituo vya njia hii bila kutoa taarifa kabla, pamoja na mkalimani, na taarifa zake zichapishwe kwa Kiswahili pamoja na jina la kituo na idadi ya watu waliokutwa ndani. Tunazo pia kamati za kusukuma mashauri, ambamo mahakimu, polisi, waendesha mashtaka na magereza wanakaa meza moja. Uhamiaji waingie humo na orodha ya kila mgeni aliyemaliza kifungo chake katika mkoa, na waeleze mtu kwa mtu kwa nini bado yuko ndani. Asiyepatikana sababu yake aachiwe kwa masharti: aripoti kituoni mara moja kwa wiki, akae chini ya uangalizi wa kanisa, msikiti au familia iliyokubali kumpokea, mpaka ndege yake ipatikane. Kikundi chetu kiko tayari kupokea baadhi. Tumeshazungumza na mchungaji, na vyumba vipo.

Lakini kabla ya yote hayo liko moja ambalo mnaweza kuliagiza wiki hii kwa waraka wa ukurasa mmoja. Kila mtu anayewekwa ndani kwa kosa la uhamiaji apewe karatasi, kwa lugha yake, yenye mambo manne: sababu ya kushikiliwa, jina na namba ya simu ya ofisa mmoja anayewajibika kwake popote atakapohamishiwa, tarehe suala lake litakapoangaliwa tena, na tarehe ambayo baada yake hawezi kuendelea kushikiliwa bila amri mpya ya mahakama. Nakala ibaki kaunta. Ofisa mwenye jina kwenye karatasi ndiye atakayeulizwa kuhusu chakula, mganga, simu na nauli.

Najua bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani inasomwa Dodoma kila mwaka kabla ya Juni kuisha. Nitakuwa nasikiliza, kama ninavyosikiliza kila mwaka. Safari hii nitasubiri kusikia vifungu vitatu: chakula cha mahabusu wa Uhamiaji walioko vituo vya polisi, malipo ya wakalimani, na nauli za waliomaliza vifungo. Visiposomwa, nitamwandikia mbunge wangu amuulize Waziri swali la nyongeza, na nitamtumia nakala ya barua hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mbeya